Kuhama na Kuhamisha: Istilahi za Mkopo wa Nyumba

Tumfikirie mwalimu wa shule ya sekondari aliyejijengea nyumba Chemchem, mjini Tabora, kwa mkopo wa benki wa miaka 15. Amekwisha kulipa miaka 6 pasipo kukosa hata mwezi mmoja. Siku moja anapokea barua ya uhamisho kwenda Dodoma. Hana nia ya kurudi. Anataka kuiuza nyumba ya Chemchem na kununua nyingine huko aendako, lakini angependa kuendelea na mkopo wake wa zamani, kwa kuwa riba yake ni nafuu kuliko ya mikopo inayotolewa sasa. Benki inampa fomu ya kujaza, na ndani ya fomu hiyo mna sentensi hii: "Mkopaji akihama, rehani yake itahamishwa kwa masharti yale yale."

Sentensi ni fupi, sarufi yake haina kasoro, na maneno yake yote yamo katika kamusi. Mwalimu anaisoma, anaridhika na kutia sahihi. Hata hivyo, sentensi hiyo yaweza kufahamika kwa namna nne zilizo mbalimbali kabisa, na katika hizo nne ni moja tu anayoitaka yeye. Akija kugundua kwamba benki iliikusudia nyingine, nyumba ya Chemchem imekwisha kuuzwa. Sentensi za namna hii zimewahi kupita mikononi mwa mwandishi wa makala haya, na hana budi kukiri kwamba mojawapo aliipitisha yeye mwenyewe, kwa kuwa ilisomeka vizuri.

Makala haya yanakusudia kuzieleza maana hizo nne, kuonyesha ni kitu gani hasa kinachohama mkopaji anapobadili nyumba, na kupendekeza istilahi ambazo mfasiri, mwalimu na ofisa wa Serikali wataweza kuzitumia bila ya kumpoteza msomaji. Haja hiyo imezidi tangu mwaka 2021, ilipotungwa sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Zamani mfasiri aliyekosea katika fomu ya mkopo aliweza kujitetea kwamba maandishi ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Utetezi huo unapungua kila mwaka.

Neno rehani na safari yake

Rehani ni neno la asili ya Kiarabu, na limekaa katika Kiswahili muda mrefu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo, pamoja na neno poni, ambalo limeelekea zaidi kwenye vitu vidogo vya kushikika kama saa, bangili au baiskeli. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyolileta neno hili pwani, jambo kubwa katika rehani ni kushika. Aliyekopesha hukabidhiwa kitu, hukaa nacho, na hukirudisha deni linapolipwa. Wanaosoma habari za Mtume watakumbuka kwamba alifariki dunia hali deraya yake imo katika rehani kwa Myahudi mmoja, kwa ajili ya shayiri aliyoikopa. Deraya ilikuwa kwa mkopeshaji. Haikubaki kwa mwenyewe.

Lakini nyumba haichukuliki mkononi. Kwa hiyo wafanya biashara wa Unguja katika karne ya 19 walitumia sana njia nyingine, iliyotoka Oman, nayo ni bei ya hiari. Mwenye nyumba aliyehitaji fedha aliiuza nyumba yake kwa mwenye fedha, akibakiwa na hiari ya kuinunua tena kwa bei ile ile ndani ya muda uliowekwa. Katika muda huo aghalabu aliendelea kukaa humo humo, sasa akiwa mpangaji, na kodi aliyoilipa ndiyo iliyokuwa faida ya aliyetoa fedha. Kwa njia hiyo watu waliepuka kutaja riba. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba katika bei ya hiari nyumba yenyewe ilitoka katika milki ya mdaiwa. Haikuwezekana kusema, "Nirudishie hii, chukua ile." Kufanya hivyo kulikuwa ni kufanya mauzo mapya.

Bara mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, iliendeshwa kwa mali kauli, yaani bidhaa zilizochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Tippu Tip katika habari za maisha yake, alizozieleza kwa Kiswahili mwenyewe, anatuonyesha wazi jinsi matajiri wa Unguja, na hasa Taria Topan, walivyomkopesha vitambaa, ushanga na bunduki, naye akaingia navyo bara kwa miaka. Matajiri hao hawakuwa na kiwanja chake Tabora cha kukishika. Walichokuwa nacho ni neno lake, hati yake, na tumaini la pembe za ndovu. Deni lilimfuata popote alipokwenda, Tabora, Ujiji hata Manyema, na kumngojea pwani alikorudi.

Tumeyataja haya kwa sababu ndani yake mna tofauti ambayo fomu ya mwalimu wetu imeichanganya. Deni humfuata mtu. Rehani hufuata ardhi. Mtu akihama, deni lake huhama naye pasipo kuhamishwa na mtu yeyote. Rehani hubaki pale pale iliposajiliwa, hata kama mkopaji amekwenda upande wa pili wa dunia, na hata kama nyumba imepata mwenyewe mwingine. Ndiyo maana mnunuzi mwerevu hutafuta habari katika daftari la Msajili wa Hati kabla ya kutoa fedha yake.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imeliweka jambo hili bayana zaidi. Inasema kwamba rehani ni dhamana tu, na wala haimpi mkopeshaji milki ya kile kilichowekwa rehani. Tena, kwa kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini, kinachowekwa rehani si udongo wenyewe, bali ni haki ya kuumiliki kwa muda, pamoja na kile kilichojengwa juu yake. Watu husema, "Nyumba yangu iko benki." Usemi huu wapendeza, na unaonyesha kwamba fikira ya kale ya kushika ingalimo vichwani mwetu, lakini kwa hakika kilichoko benki ni karatasi, yaani hati ya kumiliki ardhi. Nyumba iko Chemchem, na mwenyewe analala ndani yake.

Mambo manne chini ya kitenzi kimoja

Sasa na tuirudie sentensi ya fomu. "Rehani yake itahamishwa." Nani atabadilika, au ni nini kitakachobadilika?

Kwanza, yawezekana atakayebadilika ni mkopeshaji. Benki ya kwanza inalipwa na benki ya pili, na ya pili inachukua nafasi yake juu ya nyumba ile ile na kwa mkopaji yule yule. Hii ndiyo maana ya kuhamisha rehani iliyomo katika sheria: Sheria ya Ardhi inamruhusu aliyeweka rehani kumwomba mkopeshaji, kwa maandishi, aihamishie rehani hiyo kwa mtu mwingine aliyetajwa. Watumishi wengi wanaifahamu fikira hii kwa jina la kununua mkopo, kwa kuwa mabenki hushindana kununua mikopo yao ya mishahara. Ni jina zuri, limetoka kwa watu wenyewe, na hatuoni sababu ya kulifukuza katika maelezo ya kawaida.

Pili, yawezekana atakayebadilika ni mkopaji. Mwalimu anamwuzia jirani yake nyumba, na jirani anakubali kuendelea kulipa deni badala ya kutoa fedha taslimu zote. Nyumba ni ile ile, benki ni ile ile, ila mdaiwa ni mwingine. Kwa wenzetu wa Denmark njia hii ni ya siku nyingi, mnunuzi akikubaliwa na mkopeshaji. Huko Marekani mikopo mingi ya nyumba ina sharti kwamba nyumba ikiuzwa deni lote lidaiwe papo hapo, na sheria ya mwaka 1982 ililipa sharti hilo nguvu nchini kote. Lakini mikopo iliyodhaminiwa na Serikali kwa ajili ya askari waliostaafu, kwa mfano, yaweza kuchukuliwa na mnunuzi. Riba zilipopanda huko kuanzia mwaka 2022, nyumba zenye mikopo ya namna hiyo zilitafutwa kwa shauku.

Tatu, yawezekana kitakachobadilika ni nyumba. Mkopaji ni yule yule, benki ni ile ile, deni ni lile lile, bali dhamana ya Chemchem inaondolewa na ya Dodoma inawekwa mahali pake. Hili ndilo analolitaka mwalimu.

Nne, yawezekana hakuna kitakachobadilika ila anwani ya mkopaji. Mwalimu anakwenda Dodoma, anapanga nyumba huko, na ya Chemchem anaipangisha. Rehani haikusogea hata hatua moja. Katika hali hii linalotakiwa ni kutazama kama mkataba wake unamtaka apate idhini kabla ya kupangisha, jambo ambalo wengi hulisahau.

Mwenye kusoma kwa haraka atasema kwamba tofauti hizi ni za wanasheria. Sivyo. Ofisa wa mikopo akiifahamu sentensi kwa maana ya kwanza, mwalimu atashangaa kuona deni lake limeuzwa kwa benki asiyoijua. Akiifahamu kwa maana ya nne, atamwambia, na atakuwa mkweli, kwamba masharti hayakubadilika. Na bado nyumba ya Chemchem itakuwa imefungwa, haiuziki.

Kinachohama hasa

Waingereza ndio walioizoesha dunia maana ya tatu. Kwao mikopo mingi huwekwa riba isiyobadilika kwa miaka 2 au 5 ya mwanzo, na anayelipa deni lote kabla ya muda huo kwisha hutozwa ada kubwa. Kwa hiyo mtu anayehama huomba aende na mkopo wake. Lakini hata kwao, ukiitazama kazi inayofanyika, hakuna rehani iliyosafiri. Siku ya kuhama rehani ya kwanza hulipwa na kufutwa. Rehani nyingine huandikwa juu ya nyumba mpya. Na mkopeshaji huahidi kwamba ile ya pili itakuwa na riba ya ile ya kwanza kwa muda uliosalia. Kabla ya hapo humpima mkopaji upya, mshahara wake na madeni yake, kana kwamba hajamwona maishani. Aliyeacha kazi au aliyepunguziwa kipato aweza kukataliwa, hata kama hajachelewa kulipa siku moja.

Kwa hiyo kinachohama ni masharti. Mfano wa hesabu utaliweka wazi zaidi. Tuseme deni la mwalimu lililobaki ni shilingi 40,000,000 kwa riba ya asilimia 15, na mikopo mipya inatolewa kwa asilimia 18. Nyumba ya Chemchem inauzwa shilingi 75,000,000. Ya Dodoma bei yake ni shilingi 100,000,000. Akifuata njia ya kawaida, atalipa deni la 40,000,000, atabakiwa na 35,000,000 mkononi, na itampasa kukopa upya 65,000,000 kwa asilimia 18. Akikubaliwa kubadili nyumba, zile 75,000,000 zote zitakwenda kwa muuzaji wa Dodoma, deni la zamani la 40,000,000 litaendelea kwa asilimia 15, na upungufu wa 25,000,000 utakuwa mkopo wa nyongeza kwa riba ya sasa. Katika njia zote mbili atakuwa anadaiwa shilingi 65,000,000. Nyumba atakayoilalia ni ile ile. Tofauti ni asilimia 3 ya milioni 40, yaani takriban shilingi 1,200,000 kwa mwaka wa kwanza, ikipungua kadiri deni linavyopungua. Hiyo ndiyo mali iliyosafiri kutoka Tabora kwenda Dodoma. (Riba za sasa zingekuwa chini kuliko ya mkopo wa zamani, mwalimu angefanya ujinga kuibeba ile ya zamani, wapo waliofanya hivyo kwa kuvutiwa na neno.)

Hapa kwetu Sheria ya Ardhi haikulitaja jambo hili kwa jina lake. Inampa aliyeweka rehani haki ya kuikomboa kwa kulipa deni lote, na inaeleza namna ya kuihamishia rehani kwa mkopeshaji mwingine. Kubadili nyumba kumeachwa kuwa mapatano baina ya pande mbili. Si ajabu. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ilikuwa michache. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu alijenga kwa akiba yake, tofali baada ya tofali. Sheria ya mwaka 2008 ya fedha za mikopo ya nyumba, na kampuni ya kuyakopesha mabenki fedha za muda mrefu iliyoanzishwa mwaka 2010, ndizo zilizofungua tena mlango. Mkopo wa miaka 2 hauhitaji istilahi ya kuhama, maana huisha kabla ya barua ya uhamisho kufika. Mkopo wa miaka 15 au 20 aliopewa mtumishi wa Serikali utakutana na barua hiyo, pengine zaidi ya mara moja.

Na kwa kuwa ni mapatano, kila kitu kinategemea maneno yaliyoandikwa. Mwalimu hana kifungu cha sheria cha kukimbilia. Anayo sentensi moja tu ya fomu.

Kuchagua jina

Majina yaliyokwisha kujaribiwa, au yanayoweza kumjia mfasiri kwa wepesi, ni kadha. Tuyapime.

Kubeba mkopo ni tafsiri ya moja kwa moja ya usemi wa Waingereza, ambao huusema mkopo wa namna hii kuwa unachukulika kama mzigo. Tabora, nchi ya wapagazi waliokwenda na mizigo ya watu mpaka pwani, mtu angedhani picha hiyo ingekubalika mara moja. Lakini mkopo unaobebeka kwa Kiswahili ni mkopo usiomlemea mtu, yaani wa nafuu. Na anayebebwa ni anayesaidiwa isivyo haki. Benki ikitangaza mikopo inayobebeka, watu watakuja kuulizia riba ndogo. Jina hili halifai.

Kuhamisha rehani tumekwisha kuona kwamba lina kazi nyingine katika sheria, nayo ni kubadili mkopeshaji. Kanuni ya kwanza ya istilahi ni kwamba jina moja lisibebe dhana mbili katika fani moja. Basi liachiwe kazi hiyo, na lisitumike kwa nyingine. Mfasiri wa Kenya atazame zaidi, maana sheria ya ardhi ya huko ya mwaka 2012 imetumia neno jingine la Kiingereza kwa dhamana ya namna hii, hali kwa Kiswahili sote twasema rehani. Na humo pia mna utaratibu wa kumhamishia mkopeshaji mwingine.

Kuhawilisha lina sifa nzuri na historia nzuri. Katika fikihi hawala ni kuliondoa deni katika dhima ya mdaiwa mmoja na kulitia katika dhima ya mwingine. Wazee wetu walilijua kwa hawala ya posta, na siku hizi limerudi kwa nguvu katika uhawilishaji wa fedha kwa kaya maskini. Kwa asili yake linalenga kubadilika kwa mtu, halihusu kubadilika kwa kitu. Tunapendekeza lishike maana ya pili tuliyoieleza hapo juu: kuhawilisha deni, yaani mnunuzi wa nyumba kulichukua deni la muuzaji kwa ridhaa ya mkopeshaji. Ni mara chache istilahi ya kale inapoikuta dhana mpya iliyomtoshea kiasi hiki.

Kuhamishia mkopo nyumba nyingine ni usemi wa watu, na kauli ya kutendea iliyomo ndani yake inafanya kazi kubwa. Hamisha peke yake haielekezi; hamishia hulazimisha kutaja kule kitu kinakokwenda. Ofisa anayeeleza kwa mdomo dirishani hatapotea akisema, "Tutauhamishia mkopo wako kwenye nyumba ya Dodoma." Walakini, katika hati ya kutiwa sahihi bado linaficha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba dhamana ya kwanza itaondolewa na ya pili itaandikwa upya. Mkopo unaonekana kama gari linaloondoka kituo kimoja na kufika kingine, na kumbe katikati ya vituo hivyo mna siku kadha ambazo benki haina dhamana yoyote mkononi, isipokuwa fedha za mnunuzi zimewekwa mahali pa salama kwa makubaliano. Siku hizo ndizo zinazozaa ugomvi.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kubadili dhamana ya mkopo, na nomino yake ubadilishaji wa dhamana ya mkopo. Jina hili linasema kinachobadilika, na kwa kunyamaza linaonyesha kisichobadilika, yaani mkopo. Twajua kwamba dhamana ni neno lenye kazi nyingi. Mahakamani ni lile linalomtoa mshtakiwa rumande. Katika siasa waziri huwa na dhamana ya wizara. Na Serikali huuza dhamana zake kwa wenye fedha. Ndiyo maana maneno "ya mkopo" yasikatwe, hata kama mwandishi anaona yanarefusha. Mwenye kuogopa urefu aweza kusema kubadili nyumba ya rehani, ambayo ni lugha nyepesi na haidanganyi. Lakini haitafaa pale dhamana itakapokuwa kiwanja kitupu au shamba.

Maneno yanayofuatana nalo

Istilahi haikai peke yake. Katika kuiondoa rehani ya Chemchem kuna watu watatu, na kila mmoja ana kitenzi chake, ila fomu nyingi zinawapa wote kitenzi kimoja cha kufuta. Mwenye nyumba hukomboa rehani, maana yeye ndiye anayelipa. Neno hili lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya benki ya kwanza kufunguliwa. Mkopeshaji huachilia rehani, kwa hati anayoitia sahihi. Msajili wa Hati hufuta rehani katika daftari lake. Mwalimu aliyekwisha kukomboa, akapewa na hati ya kuachilia, asipoifikisha kwa Msajili, rehani haijafutwa, na mnunuzi wake ataikuta.

Mweka rehani na mpokea rehani ni jozi iliyo wazi, na tunaipendelea kuliko mrehani, ambalo wengine humtaja nalo mtoaji na wengine mpokeaji. Mwia na mdaiwa yabaki kwa habari za deni, mahali ambapo rehani haihusiki.

Mdhamini ni neno la kuangaliwa sana. Ikiwa mwalimu alidhaminiwa na ndugu yake alipokopa kwa ajili ya nyumba ya Chemchem, udhamini huo hauhami wenyewe. Sheria ya mikataba inasema kwamba mkataba ukibadilishwa pasipo ridhaa ya mdhamini, mdhamini huwa huru kwa yale yanayofuata mabadiliko hayo. Neno "yale yale" katika fomu yetu linamfanya mkopaji adhani kwamba kila kitu kinaendelea, na pamoja na hicho mdhamini wake.

Vivyo hivyo ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ardhi inataka nyumba wanamoishi mume na mke isiwekwe rehani ila kwa ridhaa ya mwenzi. Ridhaa aliyoitoa mke wa mwalimu kwa nyumba ya Chemchem ilikuwa ya nyumba hiyo. Hakuwahi kuridhia lolote juu ya nyumba ya Dodoma, ambayo huenda hata hajaiona. Mfasiri akiandika "ridhaa iliyotolewa awali itaendelea kutumika", amemtia mama huyo katika jambo asiloulizwa, na ameiandalia benki kesi. Wafasiri wengi wa fomu hizi ni vijana, na sahihi ya mke huonekana kwao kama mstari wa chini ya karatasi. Ni kifungu kamili, na chafaa kufasiriwa kwa uangalifu ule ule unaotumika kufasiri kiwango cha riba.

Thamani na bei pia zitengwe. Benki hukopesha kwa kutazama thamani iliyotajwa na mthamini aliyesajiliwa, wala si bei waliyopatana muuzaji na mnunuzi. Nyumba ya Dodoma ya shilingi 100,000,000 yaweza kuthaminiwa kwa 85,000,000, na hapo hesabu tuliyoifanya juu itavunjika, kwa kuwa mkopo wa nyongeza utapungua au kukataliwa.

Tumejaribu kuiandika upya sentensi ya fomu kwa kutumia maneno haya, nayo imekuwa hivi:

"Mkopaji akiuza nyumba iliyowekwa rehani na kununua nyingine, aweza kumwomba mkopeshaji, kwa maandishi na kabla ya kuuza, kubadili dhamana ya mkopo. Mkopeshaji akikubali, ataachilia rehani ya nyumba ya kwanza, na rehani mpya itasajiliwa juu ya nyumba ya pili. Deni lililobaki litaendelea kwa riba ile ile na kwa muda uliosalia. Nyongeza yoyote ya mkopo itakuwa na riba yake. Ridhaa ya mume au mke, na ya mdhamini kama yupo, itatolewa upya kwa ajili ya nyumba ya pili."

Sentensi moja imekuwa tano. Maneno "kabla ya kuuza" hayakuwamo katika fomu ya mwanzo, na mwenye kuifasiri hana mamlaka ya kuyaongeza kwa hiari yake. Anayo haki, hata hivyo, ya kuirudisha fomu kwa wenyewe na kuuliza kama ndivyo walivyokusudia.